Kompyuta Iliyojizima Taata Akiimba

Daktari wa Mwanza aliongea taratibu, kwa Kiswahili chepesi, na bado nilimtafsiria Taata kwa Kinyambo neno kwa neno, kana kwamba nikichelewesha maneno nitauchelewesha na ugonjwa wenyewe. Taata ndivyo tunavyomwita baba kwetu Nyabiyonza. Daktari alisema uvimbe umekaa palepale sauti inapotokea. Ukiachwa utaziba njia ya hewa. Ukikatwa, utaondoka na sauti. Akatupa tarehe ya kurudi, akasema twende nyumbani tukajiandae.

"Na kuimba?" Taata aliuliza.

Daktari alinitazama mimi badala ya kumtazama yeye. Hapo Taata akaelewa, akavaa kofia yake.

Hakuwa mtu maarufu. Alikuwa mkulima wa migomba na kahawa, mzee wa kanisa letu la Kilutheri, na alipiga enanga. Enanga ni ubao uliochongwa ukawa na tumbo kama mtumbwi mdogo, nyuzi zikapitishwa juu yake kwenda na kurudi. Mpigaji huupakata mapajani, akaimba kwa sauti ya chini iliyo jirani na mazungumzo, watu wakisogea karibu ili wasikie. Taata alijua nyimbo nyingi, lakini wimbo wake mkubwa ulikuwa wa mchungaji aliyewahamisha ng'ombe wa watu wakati wa tauni ya ng'ombe, kutoka malisho hadi malisho, akimwita kila mmoja kwa jina lake, rangi yake na mkao wa pembe zake. Ulichukua alasiri nzima. Mimi binti yake sikuwahi kuusikia wote. Kila ulipofika katikati nilikuwa jikoni nawapakulia wageni ndizi, au nimetumwa maji. Kaka yangu aliyeruhusiwa kukaa karibu hakuwa na hamu nao, akaenda zake Dar es Salaam.

Basi lilipopita Biharamulo, Taata alinigusa mkono.

"Ile kompyuta yako ya kutungia mitihani. Inaweza kushika sauti?"

"Inaweza, Taata."

"Basi tuishikishe kabla hawajaikata."

Hakuna kazi niliyowahi kupewa nikaipokea kwa furaha kama ile, na hakuna iliyoniumiza kama ile.

Kompyuta nilikuwa nimeinunua Bukoba, kwenye ofisi moja iliyokuwa ikiuza vifaa vyake vya zamani. Ilikuwa nzito, imara, na shuleni kwangu Kimuli ilinifaa sana. Kaka yangu Dar es Salaam hupiga picha za video za harusi. Nilipomweleza, alilia kwenye simu, kisha akatuma kwa basi maiki nzuri na kiboksi chake, kile ambacho maiki huchomekwa ndani yake nacho kikachomekwa kwenye kompyuta. Pamoja navyo alituma flashi yenye draiva, yaani programu ndogo inayokitambulisha kifaa kwa kompyuta, maana bila hiyo kompyuta haijui ni kitu gani kimechomekwa. Simu hatukuifikiria. Taata alishawahi kurekodiwa kwa simu harusini, akajisikiliza, akasema huyo si yeye, huyo ni nyuki ndani ya mtungi. Alisema kweli. Simu ilishika nyuzi nyembamba ikaziacha zile nene, na sauti yake ya chini ikazama pamoja nazo.

Alasiri ya kwanza tulikaa sebuleni. Mama alifagia, akafunga kuku, akaweka kisahani cha kahawa kavu za kutafuna kama vile tunapokea wageni. Taata alivaa koti lake la kanisani. Niliweka maiki karibu na kidevu chake, nikavaa visikilizio, na alipogusa nyuzi nilisikia pumzi yake kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia hata nilipokuwa mtoto wa kulala kifuani pake. Alianza wimbo wa mchungaji. Aliwaita watu wa boma, akawaomba radhi waliotangulia, akamwita ng'ombe wa kwanza. Ndipo kioo cha kompyuta kikageuka bluu, kikaandika maneno meupe ya Kiingereza, kikazimika. Feni ikanyamaza. Visikilizio vikafa masikioni mwangu, na Taata, ambaye hakuona, akaendelea kuimba.

Nilimwacha aimbe kidogo kwa kukosa ujasiri wa kumkatiza. Kisha nikainua mkono.

"Imeshika?" akauliza.

"Haijashika, Taata. Imejizima."

"Umeme?"

"Umeme upo."

Akanywa maji ya uvuguvugu, akafunga macho kwa maumivu ya kumeza. "Tuanze tena."

Tulianza tena, nayo ikazima tena, safari hii mapema zaidi. Kila kilichorekodiwa kilipotea, kwa kuwa programu ilikuwa haijapata nafasi ya kukihifadhi. Hadi hapo sauti ya Taata ilikuwa imekwaruza, na mate aliyotema kwenye leso yalikuwa na damu. Mama aliiona leso. Aliichukua akaenda kuifua.

Keshoye niliibeba kompyuta kwa bodaboda hadi Nkwenda, kwa fundi mwenye kibanda jirani na soko, pale malori ya maharage yanapopakia. Alikuwa mtu mzima, mchangamfu, tuliyezoeana. Ndiye aliyeniwekea antivairasi, programu ya kuilinda kompyuta, muda mfupi baada ya kuinunua, flashi za walimu wenzangu ziliponiletea virusi.

"Hilo ni joto, Mwalimu," alisema hata kabla hajaifungua. "Mashine ikipata homa inajizima ili isife."

Akaifungua, akapuliza vumbi, akapaka dawa mpya ya kupoza. Akaiwasha, akaweka kwaya, na kompyuta ikaimba mchana kutwa juu ya meza yake bila kukohoa. Nilirudi nyumbani nikiimba mwenyewe. Alasiri ya keshoye Taata akavaa koti, akapakata enanga, akawaita watu wa boma, akawaomba radhi waliotangulia. Bluu. Giza.

Nikarudi Nkwenda. Fundi akasema ni rami, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, akaibadilisha. Nikarudi nyumbani, ikazima. Akasema ni umeme wetu wa Nyabiyonza unaopanda na kushuka, nichomoe chaja nitumie betri. Nikatumia betri, ikazima. Kila safari nilimkuta Taata amejiandaa, na kila safari sauti yake ilikuwa pungufu kuliko ile niliyoiacha. Hilo ndilo lililonitesa. Fundi alikuwa anajaribu mashine, lakini chombo cha kuijaribia kilikuwa koo la baba yangu.

Nikabuni njia. Nilimwomba aimbe kipande kifupi, asimame, nihifadhi, aendelee. Alijaribu kwa ajili yangu. Lakini wimbo wa enanga haukatwi kama muwa. Akisimama alipoteza njia, na ili aipate ilibidi arudi mwanzo, awaite tena watu wa boma. Kwa njia hiyo nikahifadhi mwanzo, na mwanzo, na mwanzo mwingine. Mchungaji hakuvuka hata kijito cha kwanza.

"Huyu ng'ombe wa kwanza amechoka kuitwa," Taata alisema siku moja kwa sauti iliyobaki kama upepo kwenye majani makavu. Alitaka nicheke. Nilishindwa.

Siku niliyokwenda Nkwenda na kiboksi na maiki ndipo mambo yalipofunguka. Mara zote nilikuwa nimempelekea fundi kompyuta peke yake, naye hakuwa ameuliza inafanya kazi gani inapozima. Alichomeka kiboksi, akaanza kurekodi kelele za soko, na tukiwa tunaitazama wote wawili, kioo kikageuka bluu. Fundi akawahi kukipiga picha kwa simu kabla hakijazima. Ulikuwa mwanya mdogo sana. Akaikuza picha, akasoma, akarudia kusoma.

"Kumbe si joto," alisema.

Katika yale maneno meupe palikuwa na jina la faili. Akalitafuta mtandaoni, mtandao ukiwa unakuja na kuondoka kama mgonjwa. Faili lile halikuwa la antivairasi aliyoniwekea yeye. Lilikuwa la programu nyingine ya ulinzi, ya ile ofisi iliyoniuzia, ambayo haikuondolewa kamwe. Ilijificha ndani kabisa, haionyeshi hata alama, ikiendelea kulinda ofisi iliyokwisha kuitupa.

"Sikiliza, Mwalimu. Humu ndani una walinzi wawili na hawajuani. Sauti ya mzee inaingia mfululizo, haisimami. Huyu anaishika aipekue, na yule anaishika. Na hii draiva aliyokuletea kaka yako ni ya zamani, inapita katikati yao bila kitambulisho. Wakigongana, kompyuta inaona heri ijizime."

"Basi mfukuze mmoja."

Akamwondoa wake kwanza. Ikazima. Akajaribu kumwondoa yule wa ofisi, na programu ikadai neno la siri. Nikapiga simu Bukoba. Dada aliyepokea alikuwa mpole sana. Alisema aliyekuwa akishughulika na kompyuta alishaacha kazi, na neno la siri hakumwachia mtu. Fundi akaiwasha kompyuta kwa ile hali ya dharura, ambayo inaamka na vitu vya lazima pekee. Haikuzima. Ilikaa imara kama jiwe, lakini haikukitambua kiboksi wala maiki wala sauti yoyote duniani. Bila walinzi ilikuwa salama, na ilikuwa kiziwi.

"Tufute kila kitu, tupige windo upya, ile programu kuu yenyewe," fundi alisema.

Vile vipande vya mwanzo nikavihamishia kwenye flashi. Akafuta, umeme wa Nkwenda ukakatika kazi ikiwa katikati, akaanza upya uliporudi. Alipomaliza, kompyuta ilikuwa tupu na safi. Niliichukua jioni ile bila kuijaribu, nikiwa na tumaini ambalo sasa nikilikumbuka naona aibu, kwa sababu tarehe ya Mwanza ilikuwa imeshafika mlangoni.

Alasiri yetu ya mwisho mvua ilinyesha. Taata hakuvaa koti, kwa kuwa lilimbana shingo. Mama alikaa karibu naye kumwitikia, maana wimbo ule una mahali ambapo wanawake huitikia. Kwa kuogopa, niliweka na simu mezani. Taata aliiona, akainamisha kichwa tu, hakukataa tena. Akaanza. Sijui alizipata wapi nguvu. Aliwaita watu wa boma, ng'ombe wa kwanza, wa pili, mwenye pembe za mwezi, mweusi mwenye nyota, akawatoa bomani, akawashusha bondeni, na kwa mara ya kwanza nikasikia maneno ambayo sikuyajua. Mchungaji alifika mtoni akamkuta mwanamke amekaa. Machozi yalinitoka nikiwa nimevaa visikilizio. Yule mwanamke alifungua kinywa kumjibu mchungaji, na kioo kikawa bluu.

Sikuinua mkono. Niliinama juu ya kompyuta, nikaiwasha, nikangoja, huku yeye akiimba na mvua ikipiga bati. Ilipoamka, alikuwa amesimama. Hakusimama kwa kumaliza. Sauti ilikuwa imekata, midomo inakwenda na hakuna kinachotoka. Mama alishika nyuzi kwa kiganja zikanyamaza.

"Mwache," aliniambia. "Mwache baba yako apumzike."

Simu ilikuwa imeshika mvua juu ya bati, kelele tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ndani yake, ukijua pa kusikiliza, kitu kama mtu anayenong'ona ng'ambo ya maporomoko.

Nilikwenda Nkwenda asubuhi, si kwa tumaini tena bali kwa hasira. Fundi alipoiwasha aliliona kosa mwenyewe kabla sijasema. Siku ile alipomaliza kufuta, mkono wake kwa mazoea ulikuwa umeirudisha ile antivairasi yake, kama anavyofanya kwa kila kompyuta inayopita mezani, na draiva aliyoiweka ilikuwa ileile ya zamani iliyokuwa kwenye flashi. Alikaa kwenye kiti. Nilitaka kumgombeza, naye akaniwahi.

"Mwalimu, nisamehe. Mzee yukoje?"

"Hana sauti."

Aliiondoa antivairasi yake, akaacha ule ulinzi mdogo unaokuja na kompyuta yenyewe. Akaitafuta draiva mpya ya kiboksi kwa waliokitengeneza, akaishusha kupitia simu yake, polepole, watu wakija na kazi zao akiwaambia warudi baadaye. Ikaingia. Tukarekodi kelele za soko mpaka mchana ukaisha: wapakiaji wa malori, mnadi, mwanamke anayetangaza dagaa. Haikuzima. Haijawahi kuzima tena mpaka leo.

Nilipofika nyumbani nilichomeka maiki mbele ya Taata aliyekuwa amelala upande. Sikumwomba kitu. Alifumbua macho, akakohoa, akajaribu kusema, na nadhani aliuliza imeshika. Ilishika. Kikohozi kile kimo kwenye kompyuta, kikavu na wazi kabisa, na unasikia hata kitanda kikilia anapogeuka.

Tukaenda Mwanza. Alirudi akiwa na tundu shingoni na kitambaa cheupe juu yake, akipumulia hapo. Alizungumza kwa mikono, na mimi na Mama tu. Watu wakija kumwona alikuwa akiingia ndani ya kibanja, shamba la nyumbani, kwenye migomba, akakata majani makavu mpaka waondoke. Mara moja tu, bila kuombwa, alileta enanga sebuleni, akanionyesha kompyuta kwa kidole. Nikaandaa kila kitu. Alipiga wimbo wa mchungaji, nyuzi tupu, na Mama akawa anaitikia mahali pa kuitikia. Lakini alikuwa hajui aitikie nini pale wimbo ulipopita mto. Alibabaika. Taata akarudia zile nyuzi, akimtazama Mama, akirudia tena, kama mtu anayemgongea mwenzake mlango.

"Sijui, baba watoto," Mama akasema. "Sisi tulikuwa tunaitikia tu. Maneno mlikuwa nayo ninyi."

Taata alipiga kidogo, kisha akaiweka enanga chini na kutoka nje. Hakuishika tena. Nimewatafuta wapigaji wa Kimuli na wa huko juu kwa wafugaji. Wanaujua mwanzo, wote wanaujua mwanzo. Yule mwanamke wa mtoni hakuna anayemjua, na sijui alimjibu nini mchungaji.

Taata alifariki kabla mvua za vuli hazijakatika. Msibani, watu wakiwa wamekaa kwenye majani ya migomba nje ya nyumba, baba yangu mkubwa aliniita mbele ya wote.

"Binti, si ndiwe uliyekuwa unamrekodi? Tuletee tumsikie ndugu yetu."

Nilitaka kusema sina. Lakini wote walikuwa wamenigeukia wakingoja, na baadhi walikuwa wametoka mbali, hata ng'ambo ya Nkwenda. Nikaleta kompyuta, nikaiweka kwenye stuli, nikafungua vile vipande. Taata akawaita watu wa boma. Wazee wakaitikia kwa sauti moja, mikono ikapigwa. Akawaomba radhi waliotangulia, akamwita ng'ombe wa kwanza, kipande kikaisha. Kingine kikaanza, akawaita tena watu wa boma. Wakaitikia tena, kwa sauti pungufu. Kingine kikaanza. Safari hii hakuna aliyeitikia. Sauti yake ilikuwa inakwaruza zaidi kwa kila kipande, na walioketi pale wakawa wanamsikia akiisha. Mzee mmoja akajifunika uso kwa kofia.

"Zima," Mama alisema kutoka mlangoni.

Nikazima. Baba yangu mkubwa akasema ahsante, akatafuta wimbo wa kanisani ambao kila mtu aliujua, akauanzisha yeye mwenyewe. Mimi nikaibeba kompyuta ndani, nikaiweka juu ya kabati, nikaenda jikoni. Wanawake walikuwa wanamenya ndizi za waombolezaji na visu havikutosha, nikasubiri mmoja amalize anipe kisu chake.